Masanduku ya Mwalimu

Mara ya kwanza Mwalimu alipoingia kwenye karakana yangu, nilimpa pole ya msiba ambao hakuniletea.

Mimi ni seremala hapa Nchelenge, karibu na barabara inayoshuka ziwani. Natengeneza milango, vitanda, madawati ya kanisa, na masanduku ya kuzikia. Watu wa ng'ambo ya ziwa, Wakongomani wanaovuka na mizigo yao, hawana neno jingine la jeneza ila sanduku. Kwa hiyo mtu akija asubuhi, amevaa safi, ana karatasi ya vipimo mkononi, akasema anataka sanduku, seremala mwenye adabu haulizi la nini. Anavua kofia. Mwalimu alisimama mlangoni akasema anataka sanduku, urefu sentimita hamsini na tatu, mbao nyepesi, lisiwe na misumari inayoonekana. Hamsini na tatu ni mtoto mchanga. Nikavua kofia, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia pole sana ndugu yangu, Mungu peke yake ndiye anajua.

Hakunirekebisha. Alikaa kwenye benchi, akainamisha kichwa, akalia. Nikamwacha alie. Nikachagua mbao zisizo na vifundo, maana mtoto ni mtoto, na nilikuwa nimekwisha kukata ubao wa kwanza aliponiambia, kama mtu anayeomba radhi, kwamba sanduku lile lilikuwa la mashine. Nilikasirika. Mbao si maji ya ziwa, huwezi kuichota tena ukishaimwaga. Nikamuuliza, sasa machozi yale yote yalikuwa ya nini?

"Sababu hakuna mutu alinipatiaka pole," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyojuana, na tulijuana miaka tisa.

Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, sikumuuliza na hakusema. Nilijua kwamba alifundisha fizikia Kilwa, ile Kilwa ya upande wa Kongo, na kwamba huku kwetu hakuwa na darasa hata moja. Lakini jina la Mwalimu lilivuka naye, na kila mtu alimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Mimi aliniita ba Kabasa, yaani bwana seremala, kwa Kibemba chake kibovu. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote hadi kooni hata mwezi wa kumi ambapo jua la hapa linachoma mpaka mbuzi wanaingia nyumbani. Mfukoni daima alikuwa na kipande cha risasi, ile laini ya kuchomelea waya za redio, akikizungusha kwenye vidole wakati anafikiri. Alitengeneza amplifaya za makanisa kuanzia Kafutuma hadi Mwansabombwe, na cha ajabu ni kwamba muziki wenyewe hakuupenda. Kwaya ikianza kuimba, yeye anafunga bisibisi zake kwenye kitambaa na kwenda nje. Wakimuuliza kwa nini, anajibu kwamba amesikia kile alichotaka kusikia, spika zote mbili zinaongea. Kuna mchungaji mmoja aliyeshindwa kumsamehe kwa jibu hilo.

Mashine yake aliiita sinte. Usifikirie kinanda cha kanisani chenye meno meupe na meusi. Hii haikuwa na meno. Ilikuwa vipande vipande, kila kipande na bamba lake la mbele lenye vifundo vya kuzungusha na matundu ya kuchomeka waya, na kila kipande kina kazi moja tu. Hiki kinatoa sauti, hiki kinaichuja, hiki kinaipandisha na kuishusha, hiki kinahesabu. Vipande havifanyi lolote mpaka uviunganishe kwa waya fupifupi za rangi, na ukiziunganisha vingine, ni sauti nyingine. Vichache alitumiwa kutoka Lubumbashi, vingi alivitengeneza mwenyewe kwa matumbo ya redio zilizokufa. Vilikuwa vimefungwa kwa magazeti kwenye ndoo. Vipande kama hivyo vinahitaji sanduku lenye reli mbili, ya juu na ya chini, ili vikae mstari mmoja kama watoto wa shule. Reli tulizipata kwenye fremu za aluminiamu za madirisha yaliyovunjika. Hilo lilikuwa wazo langu, na sitaacha kulisema.

Sasa niseme sanduku lile lilikuwa la nini hasa, maana bila hilo utamwona Mwalimu kama mimi nilivyomwona mwanzoni, mtu msumbufu.

Alikuwa na mke Kilwa, na walikuwa na mtoto wa kike wa miezi saba. Mwalimu wakati huo alikuwa na kipande kimoja tu, kisanduku cha kutoa sauti nzito ya chini, alichokitumia kupimia spika. Mtoto akilia, Mwalimu anakiwasha, mtoto ananyamaza, anatoa macho kana kwamba ameitwa jina. Mke wake alikuwa akicheka, anamwita mtoto wa umeme. Kisha Mwalimu akavuka kuja Nchelenge kutengeneza amplifaya ya kanisa, kazi ya siku mbili. Siku ya pili akasikia kwamba mtoto ana homa. Boti ilikuwepo. Akasema amalize kwanza, zimebaki waya tatu, atavuka kesho. Kesho yake upepo ukafunga ziwa, siku tatu mtu hakuvuka. Alipofika Kilwa mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa, amefungwa kwenye kitenge, maana hapakuwa na mtu wa kutengeneza sanduku. Mke wake hakupiga kelele. Alimuuliza swali moja tu, siku ile boti ilipokuwepo alikuwa akifanya nini. Akamjibu ukweli. Mke akageuka ukutani, na hakuzungumza naye tena mpaka Mwalimu aliposhindwa kuvumilia akarudi huku.

Desturi yetu, ya pande zote mbili za ziwa, ni kwamba mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Wengine wanapeleka kuku, wengine kitenge, wengine wanamtuma mjomba mwenye maneno matamu. Mwalimu hakuwa na mjomba, na maneno, alisema, yalimwishia siku ile ile. Alitaka kumpelekea mke wake ile sauti iliyomnyamazisha mtoto, sasa ikiwa pana na ndefu, ikipumua, mbele ya mlango wake. Aache ikae kati yao, na baada ya hapo mke aseme lolote atakalosema, hata kama ni kumfukuza. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na kizuizi kilikuwa sanduku.

Mke wangu alisema ni upuuzi, kwamba mwanamke yule angependa zaidi mtu aje na miguu yake. Nilimwambia anyamaze. Alisema kweli, lakini unajua ilivyo mtu akisema kweli mapema mno.

Basi tukaanza kuchagua. Sanduku la kwanza, lile la ubao niliokuwa nimeukata kwa ajili ya marehemu asiyekuwepo, lilikuwa na kina cha sahani. Waya za umeme za nyuma zikabanwa, kipande kimoja kikanuka moshi. La pili nililitengeneza kwa mukwa, mbao nyekundu ya kwetu, nikalipaka mafuta mpaka likang'aa. Lilikuwa sanduku zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Mwalimu alilizunguka mara tatu, akalijaza, akaliweka kichwani, akashuka nalo hadi mahali boti zinapopakia, akapanda nalo tena. Shati lilikuwa limelowa. Akaliweka chini taratibu akasema litazamisha watu. Nikamjibu kwamba boti zile zinabeba magunia ya chisense, dagaa wetu, mpaka maji yanalamba ukingo, na hakuna anayelalamika. Akatikisa kichwa.

"Sanduku haipimwake na kitu ya ndani," akasema. "Inapimwaka na njia."

Usemi huo aliurudia mpaka nikaanza kuwaambia wateja wengine kama wangu. Na kweli njia yake aliijua. Unyevu wa ziwa unaoingia kwenye mbao ya paini mpaka inajipinda. Mchanga wa ufukweni unaoingia hadi kwenye kufuli. Kupokezana mzigo kutoka boti hadi begani kwa mtu asiyejua amebeba nini. Alijaribu sanduku la bati wanalobeba watoto wa bweni, majira ya mvua likatoka jasho ndani na kumrusha kwa umeme. Alijaribu sanduku la nguo la plastiki kutoka kwa wachuuzi, likalegea juani. Akarudi kwangu bila haya, akaniomba plaiwudi, uso ulioinama kidogo ili vifundo vionekane, vitundu vya kupitisha hewa vilivyozibwa kwa vipande vya nyavu za chisense ili wadudu wasiingie.

Tuligombana sana. Sijui kama nitagombana na mtu tena namna ile. Yeye akisema pembe imepinda milimita mbili, mimi nasema macho yake ndiyo yamepinda. Yeye akitaka bawaba, mimi natetea ndoano. Siku moja alichukua kipimo changu akakipima kwa rula yake mwenyewe, na nikamfukuza mpaka barabarani, watu wakicheka. Kesho yake akaja na viazi vitamu vilivyochomwa, akaketi kwenye benchi lake kana kwamba hakuna kilichotokea. Na bado, nikikutana na watu wa Kafutuma wananiambia, wewe ndiye yule seremala ambaye Mwalimu anasema hakuna kama yeye katika Luapula nzima. Mbele yangu hakulisema hilo hata mara moja. Nilimpenda mtu yule. Naliandika sasa kwa sababu wakati ule nilikuwa nikimpigia kelele.

Jambo alilolishikilia kuliko yote ni kina cha kifuniko. Masanduku ya namna hii, ukitaka kuyafunga, kwa kawaida unachomoa waya zote za mbele kwanza, kisha ukifika unazichomeka upya. Mwalimu hakutaka. Alitaka kifuniko kirefu, cha kufunika vipande pamoja na waya zake zikiwa zimesimama mahali pake, bila hata moja kuguswa. Nikamwambia kifuniko kama hicho kitafanya sanduku lionekane kama kichwa cha kiboko. Akachukua waya moja ili anionyeshe, na hata pale, kwenye benchi langu, akaichomeka kwenye tundu lisilo lake. Alikuwa na hofu kwamba mbele ya mke wake atakosea waya. Alitaka afike, afungue, na sauti iwe tayari inamngoja.

Basi nikaongeza kina. Nikaongeza tena. Ndipo tulipofika sanduku la tano, na ndipo Mama Yvette alipokuja.

Mama Yvette ni mfanyabiashara wa Kilwa anayevuka na vitenge na kurudi na chisense. Alikuja kwangu kununua vigoda, akalipa, akabaki amesimama.

"Bibi ya Mwalimu alishakufa," akasema. "Mwezi unapita. Weye ndio ndugu yake huku. Umuikalishe, umuambie."

Alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, siku chache tu. Mama Yvette hakutaka kumwambia mwenyewe, na nilimwelewa. Habari ya kifo haitupwi njiani. Mtu anaketishwa, ndugu wanakaa kulia na kushoto, anapewa maji, mkubwa wao anasema. Mwalimu hakuwa na ndugu huku. Mkubwa wake, kulia kwake na kushoto kwake, nilikuwa mimi. Nikamwahidi Mama Yvette kwamba nitasema.

Sikusema. Jumatatu Mwalimu alikuja na karatasi ya vipimo vya sanduku la sita, amefurahi, amepata namna ya kupunguza uzito. Nikasema nitamwambia akimaliza kuongea. Alipomaliza, nikasema nitamwambia kesho. Niliyajua masimulizi ya mtu aliyesema kesho, nilikuwa nimeyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, na bado nikasema kesho. Wiki ikapita, kisha mwezi, na baada ya mwezi nilikuwa na makosa mawili ya kueleza badala ya moja. Naona aibu mpaka leo. Si kwamba sikupata nafasi. Kila siku nafasi iliketi kwenye benchi langu ikizungusha risasi kwenye vidole.

Miaka miwili ilipita hivyo, na katika miaka hiyo tulichagua stendi, yaani miguu ya kusimamishia sanduku.

Kwanza alileta stendi ya chuma yenye umbo la X kutoka kwa mchomeleaji wa Mwansabombwe. Ukizungusha kifundo, inayumba kama mlevi. Kisha akaitamani miguu ya cherehani ya mke wangu, ile ya chuma cha zamani chenye maua, akaipapasa muda mrefu. Mke wangu akamwambia anaweza kuchukua vipimo, miguu yenyewe ibaki. Alikuwa mpole naye siku hizo, nilikuwa nimemwambia siri. Alinisihi niseme. Kila jioni alinisihi, mwishowe akaacha, na kuacha kwake kuliniuma zaidi.

Ikawa stendi ya mbao, basi, lakini ya urefu gani? Wapiga vinanda wanasimama. Mwalimu akasema mke wake anakaa chini kwenye mkeka mbele ya mlango, kwa hiyo mashine isimpite kichwa. Nikamuuliza, na wewe utasimama au utakaa kwenye kigoda? Akapiga magoti kwenye takataka za mbao, katikati ya karakana, mgongo wima, mikono mbele kama iliyoshika vifundo, na kuniambia nipime kutoka chini hadi kwenye kiwiko.

Nilipima. Sentimita sitini na moja. Niliandika ukutani kwa penseli, na nilikuwa nimempa mgongo ili asinione uso. Nilikuwa nampima mtu anayepiga magoti mbele ya mwanamke ambaye mimi nilijua yuko udongoni. Akaniuliza kama sitini na moja si juu mno. Nikasema hapana Mwalimu, ni sawa, ni sawa kabisa.

Baada ya hapo alihamia Kabuta, karibu na mahali wavuvi wanapotia nanga, akisema kule boti za ng'ambo zinatoka mapema. Akaniagiza sanduku la saba, la mwisho, alisema, akishalipata anavuka. Ndilo lililonivunja. Kama angevuka, angefika mlangoni na kuukuta umefungwa, na majirani wangemwambia wamesimama, kama mtu wa njia. Nilimaliza sanduku, nikalifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira pamoja na stendi yake, nikaenda Kabuta kwa kusukuma nusu ya njia. Asubuhi ile nilikuwa nimekataa kula.

Nilimkuta nje ya nyumba yake ya kupanga, shati limefungwa hadi kooni. Watu walikuwa wakipakia samaki kwenye baiskeli karibu naye, lakini alitazama mzigo wangu tu. Tulilishusha pamoja. Aliifungua stendi, akaiweka kwenye mchanga, akaweka sanduku juu yake, akaanza kufungua na kufunga kifuniko, sikio karibu na bawaba. Nikamwomba akae. Hakukaa. Nikaomba maji kwa jirani, nikampa kikombe, akakishika bila kunywa. Basi nikasema nikiwa nimesimama, peke yangu, kulia kwake na kushoto kwake hapakuwa na mtu.

"Mwalimu, mke wako alifariki. Ni miaka miwili sasa. Mimi nilijua, sikukuambia. Unisamehe."

Akaweka kikombe chini. Akafunga kifuniko, akakifungua tena.

"Ninajua, ba Kabasa," akasema. "Siku ya kumuzika, shemeji alinipigia telefone. Nilijua mbele ya weye kujua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza, na mimi, alijuaje kwamba najua?

"Uliacha kubishana. Zamani, nikisema kifuniko ni kifupi, unakasirika, unanifukuza. Kisha ukaanza kusema ndiyo, Mwalimu, ni sawa, Mwalimu. Nikasema, bon, naye alishajua."

Nikamuuliza basi kwa nini alipiga magoti. Kwa nini stendi, kwa nini mbao zote zile, kwa nini aliniacha nibebe jambo hili miaka miwili. Niliuliza kwa hasira, hasira ya zamani ya karakana, na nadhani alifurahi kuisikia, maana alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Kilwa, kila mutu alishamuzika," akasema. "Batu bote ba kwetu banajua. Kwako tu ndio alikuwa angali ananingoja. Nikiingia pale, tunapima sanduku ya kumupelekea." Akafunga kifuniko, na safari hii hakukifungua. "Sasa na weye umesema."

Alinisindikiza mpaka barabara ya lami, kama inavyotakiwa kwa mgeni, akaniomba nimsalimie mke wangu. Nikapanda baiskeli yangu tupu. Sasa ni majira ya pili ya mvua tangu siku ile. Wauza samaki wa Kabuta wananiambia yupo, anatengeneza redio zao, na mashine iko ndani imefunikwa. Kwangu hajaja tena, na hajaniagiza sanduku jingine.